Ubeti wa Kuagana

Uani kwa mdogo wangu wa mwisho, karibu na bomba la maji, kuna ubao ambao watoto wake husimama juu yake wakinawa miguu ili wasikanyage tope. Wakishikwa na raha hurukaruka, na ubao hulia chini yao kwa sauti nzito, kama kitu chenye uwazi ndani. Hapo mimi huinuka nikaingia ndani. Wao huambiana kwamba mjomba hapendi kelele. Mama yao hajui zaidi ya hapo. Niliporudi na ubao huo, umepakiwa ndani ya kontena la mtu, nilimwambia ni ukumbusho wa Uchina, naye akacheka sana. Kaka za wenzangu, alisema, hurudi kutoka Guangzhou na televisheni, kaka yangu karudi na kuni.

Niliupata kwa wakala wa mizigo pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini humo, Mkenya wa bara aliyekuwa akiwapakilia wafanyabiashara wetu friji na viatu. Ulikuwa kipande cha kreti lililovunjika: mbao tano nyembamba zimepigiliwa juu ya mihimili miwili, na mhuri wa bandari ubavuni. Nilipomwomba aliniuliza kama nimeshindwa kununua kitanda. Nikamjibu kuna mama atacheza juu yake.

"Nyinyi Wapwani," alisema, "hata mkipelekwa mwezini mtaulizia ngoma iko wapi."

Akanipa bure. Nikaubeba begani kupita barabara ya Huanshi Zhonglu, katikati ya watu na mikokoteni, nikashuka nao kwenye treni ya chini ya ardhi mpaka kazini kwangu Pazhou. Mlinzi wa stesheni aliuzunguka mara mbili, akaugonga kwa kidole, akaniruhusu kwa kuwa hakujua ni sheria gani inayoukataza. Nilikuwa na furaha siku hiyo. Nalitaja hili kwa sababu mengi yanayofuata hayana furaha, na sipendi mtu adhani haikuwapo.

Nilikuwa mpiga gitaa wa hoteli. Wazazi wetu walifariki katika mwaka mmoja, baba akitangulia, mama akimfuata kabla ya mfungo. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwa wadogo watatu, na gitaa la baba lilikuwa limetundikwa ukutani, na bendi yake katika hoteli moja ya ufukweni ilikuwa na kiti kitupu. Mambo hayo matatu yalijipanga yenyewe. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba Jumatatu moja sikuvaa sare ya shule, na Jumatano nilivaa shati la maua la bendi, ambalo mikono yake ilinifika kwenye viganja.

Kiongozi wa bendi, rafiki wa baba, alinifundisha kazi kwa sheria moja: mgeni asiachwe na ukimya. Wimbo ukikaribia kwisha na bado kuna mtu mezani, urudie kiitikio, au ingia wimbo mwingine kabla nyuzi hazijapoa. Ukimya, alisema, humkumbusha mgeni kwamba amechoka, naye huenda kulala, na hoteli hukosa kinywaji kimoja. Nilipiga kwa sheria hiyo miaka mingi. Niliimba Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania bila kujua ninachokisema. Wadogo wawili wa kati walimaliza shule, mmoja akapata kazi ya ufundi wa umeme, mwingine akaolewa. Akabaki wa mwisho, binti, aliyetaka uuguzi. Ndipo hoteli ilipofungwa, na ndipo mtu mmoja alipokuja akitafuta wanamuziki wanaojua Kihispania wa kwenda kupiga katika mkahawa mmoja Uchina. Nilimwambia najua. Nilijua nyimbo sita.

Mkahawa wenyewe ulikuwa ghorofa ya pili ya hoteli ya kawaida, mwendo mfupi kutoka kumbi za maonyesho. Mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, wanunuzi wa dunia nzima walimiminika Pazhou kukutana na watu wa viwanda, na mwenye mkahawa alikuwa amegundua kwamba wale wa Amerika ya Kihispania walikula jioni wakiwa na huzuni. Akaamua kuwafungulia Meksiko. Kulikuwa na mipungate ya plastiki, kuta za rangi ya chungwa, na wapishi wa Kichina waliojifunza chapati za mahindi kutoka kitabu chenye picha. Yeye tulimwita laoban, kama kila mtu anavyomwita bosi kule, awe muuza vifungo au mwenye kiwanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikumbuka kwamba sili nguruwe, na kila Ijumaa alinipa ruhusa ya kwenda msikitini bila kuombwa. Laiti angekuwa mbaya.

Mwimbaji alinitangulia kwa wiki tatu. Nilimkuta amekaa peke yake ukumbini mchana, mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta juu ya gauni jeupe la lesi, amechomeka chanuo nyuma ya nywele. Alinitazama mikono kabla ya uso. Kisha akaniita maestro.

Nilidhani ananidhihaki. Neno hilo nilikuwa nimelikuta ndani ya wimbo mmoja na nilijua ni mwalimu, na mimi ni mtu niliyeacha shule kidato cha pili. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao wanamuziki huitana hivyo wote, hata kijana anayebeba spika. Mimi nilimwita Mama. Tulielewana kwa Kiingereza. Changu cha hotelini, chake cha uwanja wa ndege, na cha laoban cha sokoni vilikuwa Viingereza vitatu vilivyokutana kwenye tarakimu tu.

Habari zake alinipa kidogo kidogo, mchana, wakati wa mazoezi. Alizaliwa katika mji wa bandari huko Meksiko, na bibi yake alikuwa mwimbaji wa karamu za mtaani, zile zinazofanyika uani, watu wakizunguka ubao na kupokezana beti. Yeye alipokuwa msichana nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha thamani. Vijana walizionea haya, redio haikuzitaka, wazee walikuwa wakifa nazo. Akazichukua. Alikaa na bibi yake miaka miwili akijifunza ubeti mmoja mmoja, kisha akaweka gitaa la umeme na besi chini yake, maneno ya zamani akiyaacha kama yalivyo. Vijana wakacheza. Alitoa rekodi mbili, akazunguka nchi nzima, akaimba katika viwanja vyenye watu wengi kuliko macho yanavyoweza kuona. Kwa miaka kama kumi, alisema, hakuna harusi iliyofanyika kwao bila mtu kuomba nyimbo za bibi yake. Halafu watu wakasonga mbele. Waliokuwa wakiuza rekodi zake wakapata wasichana wa kuuza. Wakala mmoja akamwahidi safari ya miji mitano ya Asia, na miji mitano ikawa mkahawa mmoja wenye mipungate ya plastiki.

Alisimulia bila kulalamika. Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Nyimbo ishirini na kitu alizipata kwa bibi yake pekee, hakuna mwingine aliyezijua, na yeye hakuwa na mtoto wala mwanafunzi.

Siku ya kwanza alipiga kisigino sakafuni kunionyesha mdundo. Nilicheka, naye akakunja uso, ikabidi nieleze. Mdundo ule niliujua. Shangazi zangu wakiusikia hufunga leso viunoni. Ulikuwa chakacha, au binamu ya chakacha, mipigo sita ikizunguka ndani ya mitatu, na kitako kinaelewa kabla ya kichwa. Nikaupiga kwa gitaa jinsi unavyopigwa kwetu. Akasema katika mji wao kuna mtaa mzima wa wajukuu wa Waafrika walioletwa zamani kwa meli, na bibi yake alitoka mtaa huo. Maestro wengi aliwafundisha mdundo ule kwa miezi, alisema. Mimi nilikuwa nimekuja nao kwenye begi.

Ila vigae vya mkahawa havikuwa na sauti. Kwao miguu ndiyo ngoma, na mguu unahitaji ubao. Ndiyo maana nilikwenda Xiaobei kutafuta mbao.

Miezi ile ya kwanza tulifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya tena. Mama alichukua wimbo wa bibi yake, akaimba ubeti wa zamani, kisha akatunga mwingine papo hapo juu ya watu waliokuwa mbele yetu: mnunuzi wa viatu aliyenunua vya mguu wa kushoto tu, mtu anayempigia mkewe simu na kusema yuko mkutanini. Mtu wa kwao akisikia hivyo hawezi kukaa. Ni desturi yao: ubeti ni kama mpira, ukirushiwa unarudisha. Wakati wa maonyesho ya masika niliona watu wazima wenye tai wakisimama mmoja baada ya mwingine kujibu, sauti zao mbovu, macho yao mekundu, na vijana waliokuja na simu mpya mikononi wakiziweka mezani ili wapige makofi. Wimbo mmoja uliweza kwenda robo tatu ya saa. Laoban alisimama kwenye kaunta akinung'unika kwamba wakiimba hawaagizi.

Alikuwa na malalamiko mengine. Alitaka Mama avae kofia pana ya Kimeksiko. Alikuwa ameagiza kofia kumi na mbili kutoka kiwanda cha vifaa vya sherehe. Mama alimweleza kwamba kofia zile ni za wanaume wa mkoa mwingine, mbali na bahari, na kwamba mwanamke wa pwani yao huvaa chanuo na ua. Laoban alijibu kwamba mteja hajui mikoa.

"Mwambie," Mama aliniambia, "siku atakapoimba yeye, avae yeye."

Nilimtafsiria laoban kwamba Mama atalifikiria.

Jinsi wimbo ulivyokwisha ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Nyimbo za karamu yao hazina mwisho wake. Huendelea mpaka mtu mmoja aimbe ubeti wa kuagana. Ubeti huo humshukuru mwenye nyumba, huomba radhi kwa aliyeudhiwa, husema njia ni ndefu na miguu imekwisha tangulia. Ukiimbwa, gitaa linanyamaza, ubao unanyamaza, na watu huchukua makoti yao. Hakuna anayeimba baada yake. Mama aliuimba kila jioni mwisho kabisa, mara moja, na baada yake hata umwombe vipi hafungui mdomo. Katika mazoezi hakuuimba kamwe. Aliniimbia beti zote za dunia ila huo.

Mimi sikuupenda. Niliuheshimu, lakini ukimya ule wa baada yake ulinisumbua vidole. Nilikuwa nimefundishwa tangu nina miaka kumi na sita kwamba ukimya ni hasara.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilimpigia Jumapili kutoka kibanda cha simu cha Xiaobei, na mara nyingine mchana kutoka mkahawani, wakati wa mazoezi, nikaiweka simu karibu na ubao. Alimpenda yule mama bila kumwona. Alikuwa akiniuliza, "Kaka, shangazi wa Meksiko hajambo?" kabla ya kuniuliza mimi. Siku moja Mama aliichukua simu na kumtungia ubeti juu ya binti anayejifunza kudunga watu sindano akiwa amefumba macho. Mama alinieleza kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria. Upande wa pili nilisikia chumba kizima cha wasichana kikicheka. Mama alirudisha simu akasema, "Huyu ana sikio. Angekuwa hapa ningempa za bibi yangu." Nilimwambia asubiri amalize chuo, tutamleta. Tulisema hivyo kama utani, na nadhani sote wawili tuliamini kidogo.

Kiangazi mkahawa ulikuwa mtupu. Ndipo Mama alipopata habari kwamba katika maonyesho ya vuli utakuja ujumbe kutoka mji wao wa bandari, wafanyabiashara pamoja na watu wawili wa mambo ya utamaduni, na mmoja wao alikuwa mzee aliyemjua bibi yake. Aliwaandikia barua kuwakaribisha mkahawani. Nilimwona akibadilika. Alianza kulala vizuri, alinunua lesi mpya. Mpango wake ulikuwa rahisi: wamsikie, waone nyimbo bado zina nguvu mbali hivi, wamrudishe nyumbani kufundisha. Arudi kwa mlango wa mbele, alisema. Si kama mtu aliyekwenda kuimba kwenye mkahawa akakosa nauli. Jioni hiyo moja ndiyo aliyokuwa ameiwekea kila kitu.

Laoban alisema jambo zuri. Alisema turekodi diski, aipeleke kwenye hoteli nyingine na kwa wanunuzi, watu waje. Akaleta mashine ya kurekodia na vinasa sauti viwili. Mama alisita. Nilimshawishi mimi. Nilimwambia diski itafika kwa wale wa ujumbe kabla yao wenyewe hawajafika. Nilimwambia na mdogo wangu atapata nakala. Hilo la pili lilimlegeza.

Tulirekodi siku tatu mchana, milango imefungwa, ubao katikati ya vigae, kinasa sauti kimoja chini kwenye miguu yake. Aliimba nyimbo kumi na moja. Sijasikia sauti ile tena kwa mtu yeyote. Siku ya tatu, alasiri, tulipomaliza wimbo wa mwisho, ukawa unaning'inia tu, gitaa likizunguka bila pa kwenda. Nilisimamisha mashine. Nikamwambia bado ubeti wa kuagana.

Akasema ubeti huo hauimbwi kama watu hawaondoki.

Nikamwambia najua, lakini diski isiyo na mwisho ni kama shati lisilo na ukosi. Itakatika tu hewani, watu watadhani mashine mbovu. Nikamwambia ni mara moja tu, kwa kazi, hakuna anayesikia. Nilizungumza kama fundi. Nilijiona najua.

Alipeleka mkono kwenye chanuo.

"Kuna anayeondoka, maestro?"

Nikacheka. Nikamwambia hakuna.

Akauimba. Aliuimba vizuri kuliko jioni zote, amefumba macho, mbele ya viti vitupu na mipungate. Alipomaliza alishuka kwenye ubao, akavaa sweta, akaenda bila kuniaga. Mimi nilibaki nikisikiliza tena kuhakikisha hakuna kelele ya kiyoyozi. Hakukuwa na kelele. Ilikuwa kamili.

Nimelipitia jambo hili miaka yote hii, na kila mara nafika palepale. Bila ubeti ule diski ilikuwa nyimbo tu. Isingeweza kufunga jioni. Ilikuwa bado inamhitaji mtu asimame mwisho na kuwaruhusu watu waende. Mimi ndiye niliyeondoa haja hiyo.

Wiki mbili kabla ya maonyesho, laoban aliniita ofisini. Alinipa chai. Alisema Mama ni ghali, anabishana, anafanya wateja waimbe badala ya kula, na kofia hataki. Alisema diski ni nzuri mno. Mhudumu mmoja, msichana mrefu wa jikoni, atavaa kofia na kuchezesha midomo. Mimi nibaki, kwa sababu mteja anataka kuona mtu ameshika gitaa, na wageni hawatofautishi Mwafrika na Mmeksiko mweusi. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekupa habari njema na anaona aibu kuwa imechelewa.

Nilimwomba asubiri ujumbe uje kwanza. Alitikisa kichwa. "Mei you," alisema, neno lile la sokoni unaloambiwa ukiulizia kitu kisichokuwepo, hata kama unakiona rafuni. Mkataba wa Mama ulikuwa umeisha mwezi uliopita, naye hakuona sababu ya kuandika mwingine. Akaniuliza kama mimi nataka wangu.

Mdogo wangu alikuwa amebakiza mwaka. Nilikuwa nimemwahidi mama yetu, akiwa kitandani, kwamba hakuna atakayekatika njiani. Wawili nilikuwa nimewafikisha. Watu husema ahadi humfanya mtu asimame imara. Ni kweli. Mimi nilisimama imara hata mguu wangu ulipokuwa juu ya mtu. Nilitia saini.

Sikumwambia. Nilijiambia laoban atamwambia, na laoban bila shaka alijiambia nitamwambia mimi. Siku iliyofuata alikuja mchana kwa mazoezi kama kawaida. Msichana wa jikoni alikuwa mbele, kofia imemfika kwenye nyusi, anafuata midomo. Mimi nilikuwa kando yake na gitaa ambalo waya wake haukuchomekwa popote. Sauti ya Mama ilijaa ukumbi. Miguu yake pia ilikuwa inalia, na ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, hauna mtu.

Alisimama mlangoni, mkoba mkononi. Nilimwona, nikaendelea kupiga. Hata leo mkono huo wa kulia naushangaa. Alisikiliza wimbo wote. Ulipofika ubeti wa kuagana aliinamisha kichwa, kama watu wao wanavyofanya uani. Msichana wa jikoni alimaliza akamtabasamia, maskini, akitaka asifiwe.

Nilimfuata kwenye ngazi. Nilikuwa na maneno mengi, yote yanaanza na mdogo wangu. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwambia asiondoke, ujumbe unakuja, ataimba popote, hata barabarani, nitampigia mimi.

"Ubeti umeshaimbwa," alisema. "Nilikuuliza kuna anayeondoka."

Kisha akasema nimsalimie binti wa sindano.

Nilikwenda kwenye nyumba ya wageni alikokuwa akikaa kesho yake, baada ya kazi ya mchana. Mtu wa mapokezi alipekua daftari akaniambia mei you. Namba yake ya simu ililia siku mbili, halafu haikulia. Niliuliza Xiaobei, mahali ambapo habari za kila mgeni hupita mara moja kwa siku. Wakala wa mizigo aliniambia Mmeksiko wa kike hajamwona, ila akimwona atamwambia mcheza ngoma anamtafuta. Alitaka kunichekesha.

Mwezi uliofuata maonyesho yalifunguliwa na ujumbe ukaja. Walikuwa kama kumi, walikaa meza mbili za mbele saa moja ya jioni. Mzee mmoja mwembamba alikaa akiangalia mlango wa jikoni. Diski ilipoanza alikaa wima. Aliitambua sauti, nilimwona akiitambua. Alimtazama msichana wa kofia, akatazama nyuma yake, akatazama pembeni, kama mtu anayemtafuta mwenye nyumba katika nyumba anayoijua. Vijana wa ujumbe walipiga makofi. Mmoja alijaribu kujibu ubeti, lakini diski haikumsubiri, ikampita, naye akakaa akicheka kwa aibu.

Ubeti wa kuagana ulipoimbwa mzee aliinuka. Alichukua koti lake nyuma ya kiti, akalivaa, akafunga vifungo. Desturi ilimwinua. Alikuwa amesimama hivyo, tayari kwa ukimya, nyimbo zilipoanza tena mwanzo, maana mashine ilikuwa imewekwa izunguke. Ndiyo sheria niliyokua nayo, mgeni asiachwe na ukimya. Mzee aliganda. Kisha akaja mpaka nilipokuwa, akatoa bahasha mfukoni. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko vyote vyetu.

"Ametuandikia tuje kumsikia," alisema. "Yuko wapi mama huyu?"

Laoban alikuwa kwenye kaunta, anatazama. Mdogo wangu alikuwa na mtihani wiki hiyo. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema yote. Aliondoka mwezi uliopita, sijui alipo, mtafuteni, nyinyi mna ubalozi na simu, mimi nina gitaa tu. Ilikuwa sentensi moja.

"Sijui, mzee," nilisema. "Mimi nimeikuta diski."

Aliikunja bahasha kwa uangalifu kufuata mikunjo yake ya zamani. Alinishukuru. Hakurudi mezani, alitoka na koti lake likiwa limefungwa mpaka juu. Wenzake waliendelea kula.

Mdogo wangu alimaliza chuo mwaka uliofuata. Siku alipopata cheti alinipigia, akasema, "Kaka, umetusomesha wote kwa gitaa," kisha akauliza kama shangazi wa Meksiko hajambo. Nilimwambia hajambo, anakusalimia. Nakala ya diski nilimpelekea, kama nilivyoahidi. Anaipenda. Huipiga akifua, nyimbo kumi na moja, na ubeti wa kuagana ukipita yeye hufua tu, na watoto wake huruka juu ya ubao.

Jioni ile mzee alipotoka, nyimbo zilikuwa zimefika ile ya pili, ambayo gitaa huanza kabla ya sauti. Msichana wa kofia alinigeukia akisubiri. Nilishika nyuzi ambazo hazikuwa zimeunganishwa na chochote, nikapiga, nisichelewe.